Tomi Bado Mtoto

Baba Klara,

Ugali umo kwenye sufuria, mlenda nimeufunika. Mimi na Klara tumekwenda zahanati.

Asubuhi ulibamiza mlango ukaondoka bila kutazama nyuma. Ule mkanda uliomchapia Tomi kwa kukojolea viatu vyako ulimpata mwanao mkononi, maana alimlalia huyo mbwa ili umwache. Vidole vimevimba, hata kijiko hashiki.

Ulitaka mbwa wa kulinda nyumba, ukaletewa kitoto ambacho juzi tu kilikuwa kinanyonya. Kwa hiyo kitakojoa ndani, kitatafuna viatu, na usiku kitamlilia mama yake. Klara naye alikojoa kitandani mpaka akakaribia kuanza shule. Mbona yeye hukumvulia mkanda? Tomi akimaliza kula mtoe nje, akijisaidia huko msifu. Kubwekea wezi, subiri mwakani.

Yuko jikoni. Mpe uji uliopoa.

~~Tunalala kwa dada, Kishapu.~~ Tunarudi jioni. Nilitaka kulala huko, Klara akakataa. Anasema, "Mama, tukilala huko baba atamuua Tomi."

Tukiingia, mwombe mwanao radhi kabla hujaniuliza chakula.

Mama Klara