Walimukamata Zakaria bila karatasi

Leo siku ya pili ya juma. Mvua inanyesha tangu asubuhi, mutaa wetu wote wa Kadutu uko matope, na mimi niko na swali moja linalokataa kulala.

Jana mwanangu Zakaria, dereva wa kamio, lori kubwa, alikuwa anapandisha mchele kutoka Luberizi. Karibu na soko akagongana na Papa Ndusha, dereva wa pikapu ya makaa. Taa ilivunjika, Papa Ndusha akapasuka kidogo kwenye paji la uso. Wakashuka, wakaanza kutukanana kama watoto wasio na mama.

Mimi nilikuwa pale, nauza ndizi. Niliwagombeza wote wawili. Kisha nikafanya vile sisi watu wa kabila la Bashi tunafanya damu ikianguka kati ya watu: nikaleta kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na murija mumoja. Wakunywe pamoja, neno liishe. Wakakunywa. Papa Ndusha akaanza hata kuniita mama mukwe, muzee muzima yule, na binti wa kumupa sina.

Ndipo polisi akafika. Akanusa vinywa vyao, akawapeleka wote wawili.

Nilimuuliza karatasi ya kukamata mutu iko wapi. Walipomuchukua jirani yetu kwa sababu ya kodi, walikuja na karatasi yenye muhuri, niliiona na macho yangu. Huyu alikuja mikono mitupu.

Leo nikaenda ofisini kwao. Brigadia, mukubwa wa polisi pale, ni Mushi, wa kabila letu, alinivumilia. Alisema magari yakigongana na damu ikitoka, sheria inamuruhusu kukamata dereva palepale. Akingojea karatasi, dereva amekwisha fika Kamanyola, amevuka mupaka. Karatasi inakuja nyuma ya mutu.

Nimelifikiri sana neno hilo. Si ujinga. Dereva iko na magurudumu, karatasi haina. Lakini kama mutu yuko ndani tayari, karatasi inakuja kufanya nini? Kumusalimia?

Nikamwambia kasiksi nayo ilikuja nyuma ya ajali, kama hiyo karatasi yake. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Maman, nani aliwaona mbele ya kunywa, walipogongana?"

"Mimi."

"Na pombe, nani aliwapa?"

"Mimi. Na ilikuwa nzuri."

Akasema kamishna, Mzungu anayewaamuru polisi wote, atawasikiliza kesho asubuhi. Nikinyamaza, Zakaria atahesabiwa mulevi, watamunyang'anya ruhusa ya kuendesha, na watoto wake watakula nini? Nikisema, kamishna anaweza kunifunga mimi kwa kunywesha madereva. Nikauliza kama ni bila karatasi pia. Akasema ndiyo, pia.

Muke wa Zakaria analia, anasema nikae nyumbani, nimezeeka. Mujinga huyu. Nani atasema basi, kibuyu?

Nimekunja blanketi langu la kulalia kule wakinifunga, liko karibu na mulango. Kesho asubuhi nitaenda kwa miguu yangu, kweupe, watu wakiona. Karatasi sitauliza tena.

Nitauliza jambo moja tu: yeye Mzungu akigombana na jirani yake, kwao wanakunywa nini?