Uzi Juu ya Chungwa

4 Machi

Mume wangu mpenzi,

Hujambo, moyo wangu? Mimi mzima, ila nusu yangu umeondoka nayo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu naona haya, wifi hukaa ubavuni akinicheka, "Bi harusi, funga mdomo, nzi wataingia!"

Siku kumi na mbili za ndoa, kisha ndege! Juzi niliazima ramani kwa jirani yetu mwalimu, nikavuta uzi kutoka kwetu hadi mji wako. Ulinyooka juu ya bahari tupu. Sasa mbona ulisema mlipita juu ya theluji? Rubani alipotea? Na mbona kwenda masaa kumi na moja, kurudi kumi? Hilo moja mnaliacha wapi?

Masaa kumi na moja kwangu ni kushona gauni moja lenye bitana ndani. Kumbe uko mbali gauni moja tu!

Mkeo, Sindano


29 Machi

Mke wangu Sindano,

Salamu tele. Mimi sijambo, wagonjwa ni mabomba ya ghorofa ya ishirini, nayatibu kutwa. Rubani hakupotea. Ramani ni bapa, dunia ni mviringo. Chukua chungwa, vuta uzi juu yake, utaona. Na lile saa moja ni upepo: kuja huku unatupinga kifuani, kurudi unatusukuma mgongoni.

Sasa nishauri. Msimamizi ananipa siku nne mwezi wa sita, safari ikiwemo. Nikizichukua, ile likizo yangu ya mwezi mzima mwisho wa mwaka nimeikosa. Wenzangu wanasema, "Uvuke nusu ya dunia ukanywe chai urudi?" Unasemaje?

Mumeo


20 Aprili

Kipenzi changu,

U mzima? Sisi wazima, mama mkwe anakusalimu.

Nimejaribu chungwa. Jamani! Nilipoukaza uzi, uliteleza wenyewe ukapanda kuelekea kikonyoni, kule kwenye theluji yako. Nimekaa nalo dirishani jioni nzima, harufu imejaa chumba, nikajiona nami nasafiri, mawingu chini ya miguu, wewe ukinishikia kiti.

Kuhusu likizo, mama mkwe kasema mwezi ni bora. Mwenye akili yeyote angesema hivyo. Basi nami nasema subiri. Nimeshasema.

Chungwa limeanza kunyauka. Uzi sijautoa.

Mkeo


12 Mei

Mke wangu,

Natumaini hujambo. "Subiri" yako nimeisoma mara tatu, sijaiamini hata mara moja. Mwanamke aliyekubali kusubiri hula chungwa lake, haliachi linyauke na uzi juu yake.

Mwezi nimewaachia. Nafika tarehe mbili Juni. Jiandae.

Mumeo


4 Juni

Mume wangu,

Leo sikuulizi hali, naisikia: unakoroma chumba cha pili.

Barua yako ya kuniambia nijiandae imefika mchana huu. Imechelewa siku mbili nyuma yako! Ndiyo maana ulinikuta nampima mteja, pini kumi mdomoni, nikashindwa hata kupiga kelele. Mteja ndiye aliyekupigia vigelegele.

Kesho unaondoka. Hii naishonea ndani ya bitana ya koti lako, mishono mikubwa, utaifumua kwa kidole. Usiifungue mapema. Ngoja lile saa la ziada. Wenzio ndegeni watasema ndege inacheleweshwa na upepo. Wewe ujue ni mimi, nimeshika koti.

Mkeo