Kipusa Alisema Nini

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mumeo hajambo? Mimi mzima, kasoro goti, nalo tumeshazoeana.

Sauti ya Kipusa nimeipata. Uliandika kwamba anasema, "Bibi, nimekukumbuka, nakupenda sana." Nimeisikiliza mpaka simu ikapata moto. Mjukuu wangu ana miaka sita, na sijawahi kumwelewa hata neno moja! Uliniambia Kihispania kinasemwa nchi ishirini na zaidi, kitamfikisha mbali. Haya, ila kwangu hakijafika.

Sasa sikia. Nimepata mteja, kaleta gauni nimpunguzie kiuno. Kwao Guinea ya Ikweta. Kumbe hata Afrika kipo! Mimi nilidhani ni Hispania na kule Amerika tu. Akija kuchukua gauni lake nitamwekea ile sauti, anifundishe namna ya kumjibu mtoto.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Sisi wazima.

Tafadhali usimsumbue huyo dada. Kihispania cha kwao siyo hiki chetu. Cha Meksiko mbali, cha Ajentina mbali, hicho chake ndiyo kabisa. Atakuchanganya tu. Mpe gauni lake aende zake.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi nipo.

Mteja alielewa yote. Mwanzo alicheka, kisha akaniuliza, "Mama, niendelee?" Nikamwambia endelea, huku nimeshika cherehani. Mtoto anasema, "Mama, huyu ni nani? Sitaki kuongea na mtu nisiyemjua." Wewe unamwambia aseme chochote, utampa peremende. Basi akahesabu mpaka kumi. Ukanitumia yote hayo kwa kuwa ulijua sielewi.

Jamani! Mwezi mzima nimelia kwa moja, mbili, tatu.

Sina kinyongo na mtoto. Atanipendaje, na hajui kama nipo? Usimfundishe kusema ananipenda. Mwambie kwanza mimi ni nani.

Mama yako

28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza afya.

Ni kweli yote. Kipusa alipozaliwa, mama mkwe alisema lugha mbili zitamchelewesha kusema. Nikakubali papo hapo, na hilo ndilo linaloniuma, sikubisha hata kidogo. Pale kwa dobi ninapofanya kazi bado wananirudishia maneno polepole kama mtoto mchanga. Nilitaka mwanangu awe wa hapa hapa, asiulizwe katoka wapi. Kila ulipouliza kasema nini, nilikutungia, nawe ukafurahi, nami nikaona aibu, na safari nyingine nikatunga tena.

Jana nilimkalisha kitandani nikamwonyesha picha yako. Nikamwambia huyu ndiye mama yangu, ndiye aliyenilea. Aliitazama weee, kisha akaniuliza, "Kwa nini ulinificha bibi?"

Jumamosi tutapiga simu. Nisaidie, mwombe yule dada aje akae nawe, awatafsirie. Nitampa Kipusa simu, nitoke nje, nifunge mlango. Akikuuliza na wewe swali lile, mwambie ukweli wote unavyoujua, mama. Usinisitiri.

Mwanao