Mafuta ya Kukamulia Kwenye Mashine Yako

Karurumo,
Runyenjes.
11 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Thuranira,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za huko Leeds na kazi ya hospitali? Wifi yangu Linda hajambo? Na huyo mtoto Gitobu, aliyepewa jina la Baba, meno yameacha kumsumbua? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Gitari alishikwa na kifua lakini amepona, na baridi ya Juni tunaivumilia kwa sweta na uji. Kule nyumbani Ruiri wazazi wetu wako salama, na ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike.

Nimeamua kuandika kwa mkono na kumpa barua Mukiri, binti wa yule mwalimu jirani yetu Ruiri, anayekuja kusoma huko. Kwa simu wewe hukatiza. Nikitaja tu mashine unaanza kunipa maagizo, na salio linaisha kabla sijasema nilichotaka. Karatasi huwezi kuikatiza, kwa hivyo kaa chini unisikilize.

Wakati wa Pasaka ulisema mashine yako ya CNC, hiyo inayochonga mbao yenyewe, imekaa bure pale stoo, na kwamba rafiki yako Gachoki wa Embu atakuja kuichukua mwisho wa mwezi huu. Baba akajibu, sawa. Unamjua alivyo. Kitu cha mtu ni cha mtu, hata kama mtu huyo ni mtoto wake. Hakukuambia kwamba mashine haijakaa bure hata kidogo. Tangu ulipomfundisha kabla ya kuondoka, akimaliza kukamua huenda stoo. Dada wa saiba, lile duka la kompyuta pale sokoni, humtengenezea herufi na kuzitia kwenye kadi, naye huingiza kadi, anabonyeza, kisha anasimama mikono nyuma akitazama maandishi yakitokea kwenye mbao. Mama anasema siku hizi hata taarifa ya habari haimtoi huko.

Juzi juzi Mama alinipigia. "Karimi, kuja uone baba yako. Ameanza kutibu mashine." Nikadhani ni utani.

Nilipofika nilimkuta amefunga kitambaa kibichi kwenye mota moja ya zile unazoziita stepa, vile anavyomfanyia ng'ombe kiwele kikivimba. "Hii iko na homa," akaniambia polepole, "shika uone." Nilizima umeme ukutani kabla hata sijamsalimu! Nilitaka kugombana, lakini nikaona uso wake nikashindwa. Alikuwa anamchongea mjukuu wake kigoda, na jina GITOBU juu ya pale pa kukalia. Herufi za kwanza zilikuwa zimenyooka vizuri sana, lakini zile mbili za mwisho zilishuka chini, U ikakaribia kuanguka nje ya mbao. "Nimeua mashine ya kijana," akasema, "na mwenyewe anaitaka." Mama alininong'oneza kwamba hata chai alikuwa amekataa.

Sasa usicheke, nikueleze tulivyofanya. Joto halikunitisha, maana wewe mwenyewe ulituambia mota hizo zikifanya kazi huwa moto. Kilichonitisha ni sauti. Mota ilikuwa inanguruma na kutetemeka bila kwenda, halafu inaruka hatua. Nikakumbuka ulivyofanya ulipokuwa unaiunda. Umeme ukiwa umezimwa, nikabadilisha plagi za mota mbili pale kwenye bodi inayoziendesha, ya huku nikaipeleka kule, ili nijue mgonjwa ni nani. Tulipowasha, taabu ilibaki kwa mota ileile. Basi bodi haikuwa na kosa. Nikazima tena, nikalegeza kile kikombe kinachounganisha mota na ile skrubu ndefu. Mota ikiwa peke yake ilizunguka bila kelele. Skrubu nayo nilipojaribu kuizungusha kwa vidole ilikataa.

Nikainama karibu nikaona utando mzito wa kahawia. Nikanusa. Ndugu yangu, yalikuwa mafuta ya kukamulia! Baba alikuwa anaipaka skrubu kila jioni, vile anavyopaka chuchu za ng'ombe zisipasuke. Mwanzoni iliteleza vizuri, akafurahi akaongeza. Kisha vumbi la mbao za mti wa mukima likanasa humo likawa gundi. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maranda, na Baba naye akaanza kucheka, kidogo kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa. Tuliisugua skrubu kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, tukaikausha, nikadondosha mafuta ya cherehani kutoka kwenye mkoba wangu. Unajua fundi wa nguo hatembei bila hayo. Mashine ikarudi kwenda vizuri kama ulivyoiacha.

Akachonga kigoda kingine, na hicho ndicho Mukiri anawaletea. Kile kilichoharibika nilitaka kukitia jikoni nichemshe maji, akaninyang'anya. "Hiki ni cha Gitobu mzee," akasema. "Kile kimenyooka ni cha mdogo." Sasa anakikalia akikamua.

Jumapili nilienda tena kuwaona. Nilikuta ameipangusa mashine yote na kuifunika kwa blanketi ya kitanda chake, inamngoja Gachoki. Aliniuliza jambo moja tu, kama huko Embu Gachoki ana mahali pakavu pa kuiweka. Nilitoka nikalia nyuma ya zizi. Thuranira, nakuomba kama dada yako, mpigie Gachoki umwambie asije. Kisha mpigie Baba mwenyewe, na siku hiyo moja usimpe maagizo yoyote. Mwambie tu mashine ni yake. Hajui kwamba nimekuandikia, na tafadhali asijue.

Msalimie sana Linda, na umbebe Gitobu kwa niaba ya shangazi yake. Gitari anakusalimu, na mama mkwe wangu Wambeti anauliza kama huko mnapata ndizi. Bwana awape joto nyumbani mwenu na awarudishe tuonane uso kwa uso.

Dada yako akupendaye hata ukimkatiza,

Karimi

Nilikuwa nimesahau. Jumapili hiyo nilipanda juu ya dari ya stoo kutafuta gunia la kufungia kigoda. Huko nikakuta ubao mmoja wa mukima, bado mbichi, umelazwa ukauke, na juu yake Baba ameandika kwa penseli KAJUJU, jina la Mama. Najua hamjapata binti wa kumwita hivyo. Lakini ubao huo hautakauka mpaka mwaka ujao, na Baba hajamwambia mtu atauchonga kwa mashine ipi.