Ile mimba moja nzima

Jumatano, Mbamba Bay

Basi imepatikana moja. Binti yangu Oliva amepiga simu kutoka Dar: daktari amepima zile mimba tatu zilizotungwa maabara, mbili zina sikoseli, moja nzima. Kesho anawekewa hiyo.

"Na hizo mbili?"

"Mama, unataka nizike tena?"

Sitaki. Kaburi moja la mjukuu linatosha.

Ila kaka yake Kosmas, naye ana sikoseli tangu kuzaliwa, alikuwa pembeni yangu akipara samaki wa mbasa, simu ikiwa kwenye spika. Akacheka. "Mimi niliponea chupuchupu, Mama. Enzi zako vipimo havikuwapo!"

Nikamwambia Oliva, "Wakuwekee hiyo nzima, mwanangu." Kosmas alisikia.

Baadaye akaniletea maji ya kunawa. Nilinawa bila kumtazama usoni.