Kitabu Chako Kiko Chini ya Mto wa Mjomba

Kijiji cha Mikumi,
Wilaya ya Kilosa.
9 Juni, 1976

Mpendwa mdogo wangu Timotheo,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Shikamoo yako nimeisubiri tangu Pasaka, sijaiona, kwa hiyo marahaba nabaki nayo mwenyewe. Hujambo? Letisia na watoto hawajambo? Huku sote wazima, isipokuwa mimi, niliyejaa hasira mpaka chakula hakipiti.

Wiki iliyopita nilikuwa nakwenda hospitali ya Berega kumwuguza Mjomba Lukasi. Basi likaharibika Kilosa, nikalala kwa binamu yetu Magreti, naye akanivuta kwenda uwanjani kutazama sinema inayoletwa kwa gari. Wewe mtu wa picha utapenda kujua nilizionaje. Vibaya. Ya kwanza ilikuwa ya kijiji cha ujamaa ambako kila mtu analima huku anacheka, na shati halina hata tone la jasho. Mimi nimelima shamba la kijiji miaka miwili, sijacheka hivyo hata siku moja. Ya pili ilikuwa ya Kihindi: yatima anakua peke yake, hapikiwi, hafuliwi, mara ghafla ni bwana mkubwa anaimba juu ya kilima. Magreti alilia. Mimi nilikuwa najiuliza nani alimnyoa nywele miaka yote hiyo.

Berega nikamkuta Mjomba amekwisha kupasuliwa macho, amefungwa bandeji, na mkononi ana kitabu cha maisha yako, kile alichokiandika rafiki yako Beda, wewe ukatia michoro yako. Mchungaji ndiye aliyempa. Akaniambia, "Yunis mwanangu, hebu nisomee habari za mtoto wetu."

Timotheo, yatima wa sinema ni wewe! Eti ulikua bila mtu wa kukuongoza, eti penseli yako ya kwanza uliiokota njiani. Njia gani, mwongo wee? Ilikuwa penseli ya useremala ya Mjomba, ile nyekundu bapa. Baba alipofariki, Mjomba ndiye aliyetuchukua, na kila jioni akitoka kazini alikipiga randa kile kibao chako cha mninga ili asubuhi upate pa kuchora tena. Alikipiga randa mpaka kikawa chembamba, kikapinda. Na siku aliyochoka ukamlilia.

Halafu ukurasa wa thelathini na moja! Mzee asiye na kidole gumba anapapasa chini, wenzake wanajenga kijiji, na chini ya picha umeandika "Kupe". Huku nani mwingine aliyekatwa gumba na msumeno? Alikuwa anapapasa kwa sababu misumari alikuwa haioni. Watani tunao, tena tele, ungewachora hata uchi wangecheka. Mjomba hataniwi. Hilo unalijua tangu unanyonya, ila ulitaka watu wa Dar es Salaam wacheke.

Basi nikafanyaje? Nilipofika kwenye penseli nikatunga. Nikamsomea habari za kibao na randa kana kwamba zimepigwa chapa pale pale. Akaomba nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu nikakosea maneno, akanisahihisha.

Sasa sikiliza. Tarehe 26 mwezi huu anapewa miwani. Kitabu kiko chini ya mto wake, hataki nikiguse, na amewaambia wagonjwa wote wa wodi ile kwamba miwani ikifika ataanza na ukurasa wa randa. Kusoma anajua vizuri kuliko wewe na mimi.

Usiniagize nikichane. Nimekwisha kukusemea uongo mara tatu, tena kwa mgonjwa, na dhambi hiyo itanitosha. Panda treni mpaka Kilosa, Magreti atakuonyesha gari la Berega. Ukae kitandani pake, umwambie kwa mdomo wako kabla hajasoma kwa macho yake.

Mama anakusalimu, hajui lolote. Magreti naye anakusalimu. Nisalimie Letisia, wabusu watoto. Beda usimsalimie. Mungu akulinde safari nzima, maana nataka umfikie Mjomba ukiwa mzima, na ulimi wako ukiwa mzima.

Wako akupendaye kwa shida,
Dada yako,
Yunis