Mjukuu Wangu Anaadhibiwa kwa Kamera Niliyoifungua Mimi

Mshauri, naomba msaada wako, lakini kwanza kaa nikuseme, maana naona hakuna mwingine wa kukusema. Umemhukumu mtoto ambaye hujamwona hata kisogo. Mwezi uliopita alikuandikia fundi mmoja wa friji, baba wa mabinti wawili, akasema binti yake wa miaka kumi na miwili amefungua kamera ikiwa na filamu ndani, ameharibu picha za nyumba nzima za miezi miwili, kisha amekana, naye afanye nini. Wewe ukamjibu haraka haraka, mistari sita tu, niliihesabu, kwamba amnyang'anye kamera mpaka akiri. Yule fundi ni mwanangu. Amelikata jibu lako kwa mkasi wangu wa kitambaa, mkasi ambao haukati karatasi katika nyumba hii, akalibandika kwenye mlango wa friji, na mtoto kila akifuata maji ya kunywa analisoma. Hukuuliza kama nyumbani kuna mtu mwingine. Kulikuwa na mtu mwingine. Nilikuwepo mimi.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, nimekaa kwenye cherehani miaka arobaini na moja, shule niliacha darasa la tatu, na barua zangu zote huandikwa na mjukuu huyo huyo mkubwa, kwa hiyo ukiona herufi zimelala upande usicheke, hii nimeiandika mwenyewe kwa siku nne, mlango nimeufunga. Naishi na mwanangu na watoto wake. Mama yao ni muuguzi, kazini kwake ni mbali, huja mwisho wa mwezi.

Mwanangu tangu kijana ana kichaa cha kamera, si hizi za kwenye simu, ni ile ya zamani ya chuma inayokula filamu, na mabinti walipopata akili akawaambukiza wote wawili, mkubwa na huyu mdogo wa miaka saba ninayemwita Kasuku kwa ajili ya mdomo wake. Wana utaratibu wao. Filamu moja ina picha thelathini na sita, basi wanagawana, kila mtu kumi na mbili, na kamera inazunguka, wiki ya baba, wiki ya mkubwa, wiki ya Kasuku, na ni mwiko kubonyeza kabla hujakitazama kitu mpaka ukichoke. Nimewakuta uani watu watatu wamechuchumaa mbele ya ndoo ya maji, wanangoja jua lifike ukingoni mwa ndoo.

"Mkishaitazama, mnioshee," nikawaambia.

"Ngoja kidogo, mama, mwanga unakuja," akasema mwanangu.

Mwanga unakuja, kama vile ni shangazi yake. Niliwacheka mwaka mzima. Kwangu mimi picha ilikuwa ya harusi na ya kitambulisho.

Sasa sikia nilichofanya. Asubuhi moja ya wiki ya mkubwa, watoto wako shuleni, mwanangu yuko kazini, kamera iko dirishani juu ya cherehani yangu, imejaa vumbi la nyuzi, na mimi vumbi sikai nalo chumba kimoja. Nikaifuta. Nikagusa kidude, mgongo wake ukafunguka, nikaona ndani kuna ukanda wa kahawia umenyooka toka huku hadi huku, nao una vumbi, nikauvuta taratibu, nikaupangusa kwa kipande cha buluu cha sare, nikaurudisha, nikafunga, nikajisifu. Mshauri, nilijisifu.

Jumapili iliyofuata wakaitoa filamu wakaingia nayo bafuni, ndiko wanakosafishia picha, wameziba dirisha kwa plastiki nyeusi wakaweka taa nyekundu. Walipotoka, mwanangu ameinyoosha juu kuelekea dirishani. Filamu imekuwa nyeusi tii, mwanzo hadi mwisho. Mwanangu akatuita mezani sote, akauliza nani ameiharibu filamu.

"Siyo mimi, baba," akasema mkubwa.

"Ilikuwa wiki yako."

"Najua ilikuwa wiki yangu. Siyo mimi."

"Basi nani?"

Akatazama meza. Na mimi kwa moyo mweupe kabisa, maana kwangu kupangusa kitu si kukiharibu, nikatia neno langu: "Sema ukweli, mtoto wewe. Katika nyumba yangu aliyefanya husema." Nimelea watoto wanne kwa neno hilo. Baba yake nilimchapa kwa neno hilo, akiwa na miaka tisa, na hadi leo anawasimulia watu kwamba mama yake hajawahi kumficha kitu.

Basi mwanangu akafuata ushauri wako, kamera ikaingia kabatini, ufunguo mfukoni mwake. Wiki mbili baadaye Kasuku akaniganda.

"Bibi, njoo uone picha yako inavyozaliwa."

"Picha yangu ipi?"

"Ile aliyokupiga dada kwenye filamu ya zamani. Baba anaichapa leo. Njoo, bibi, usiogope giza, nitakushika mkono."

Nikaenda ili apumzishe masikio yangu. Mshauri, sijui kama umewahi kuingia chumba cha namna hiyo. Taa ni nyekundu kama kaa linalotaka kuzima, mabeseni matatu juu ya ubao, harufu ya siki. Mwanangu akazamisha karatasi ndani ya beseni la kwanza, karatasi nyeupe, nimeitazama mwenyewe, haina kitu, na Kasuku akawa analitikisa beseni kwa kidole kimoja huku anahesabu kwa sauti ya chini, mtoto asiyejua kusema kwa sauti ya chini. Baba yake akamwambia, "Ndiyo maana tunafunga mlango. Mwanga ukipenya kidogo tu, kila kitu kimekwenda. Kama dada yako alivyofungua kamera."

Nikauliza, "Kufungua tu?"

"Kufungua tu, mama. Hata kwa kupepesa jicho."

Nikashika sinki, na hapo hapo, kabla sijapumua, karatasi ikaanza kushika kivuli pembeni, kikasogea, kikawa mstari, mstari ukawa kidole. Mikono miwili imeshika kitambaa, mishipa imesimama, gumba limekunjwa chini kwa chini kando ya sindano. Nikasema, "Mama."

Mwanangu akasema, "Mama yupi?"

Mama yangu alikufa nina miaka kumi na mmoja, na hakupigwa picha hata moja maishani mwake. Uso wake umenitoka siku nyingi, sikumwambia mtu, kwa sababu mtu atasemaje kwamba amesahau uso wa mama yake. Lakini yeye akishona kwa mkono alikuwa anakunja gumba namna ile, na mimi nilikuwa nalo mkononi miaka yote hii, nalitumia kila siku, sijalijua, mpaka mtoto wa miaka kumi na miwili alipokaa kimya kizingitini akatazama mpaka akaliona. Nimezaa, nimezika, nimeona mafuriko yakibeba nyumba ya jirani ikiwa na taa inawaka. Sijawahi kuona kama nilichokiona kwenye beseni lile. Kasuku mwenyewe alisahau kuhesabu.

Tulipotoka akanieleza kwamba kwenye ile filamu iliyoharibika dada yake alikuwa ametumia zote kumi na mbili kwangu mimi, hakubakiza hata moja.

Na huyo dada hanuni. Akitoka shule anakuja kunitungia uzi kwenye sindano kama kawaida yake, ananiita mke mwenza, tunataniana, kisha anakwenda jikoni anakunywa maji mbele ya jibu lako. Kuna jambo moja tu silielewi: Jumapili ile, walipokuwa wanaitoa filamu kwenye kamera, kabla hawajaingia bafuni, nilimwona amenyofoa kiuzi cha buluu ndani yake, akakizungusha kidoleni, akakitia mfukoni. Nikadhani ni usafi.

Nimejaribu mara tatu kumwambia mwanangu, mara ya tatu nikaishia kumwomba chumvi. Sasa nijibu. Ninunue filamu nyingine, niiweke kimya kimya, nimwombe mwanangu amsamehe mtoto kwa heshima yangu, yaishe? Au niseme, na nikisema nianzie wapi, mwanamke wa umri wangu? Na safari hii usijibu mbio.

Bibi wa Cherehani

JIBU

Shikamoo, bibi. Kofi lako limenifika na nililistahili. Nilimjibu mwanao bila kuuliza nani mwingine hushinda hapo nyumbani, na mtoto amekunywa maji mbele ya kosa langu mwezi mzima. Namwomba radhi hapa, mbele ya kila anayesoma gazeti hili.

Mimi nimemaliza, sasa wewe. Siku ile ya kwanza hukujua, na kwa hilo sina la kukulaumu. Lakini tangu ulipotoka bafuni unajua. Ni siku ngapi hizo? Hukuziandika, bibi, wewe uliyehesabu mistari yangu.

Na hilo unalosema hulielewi, mimi nalielewa, nadhani na wewe pia. Katika nyumba yenu uzi wa buluu unatoka kwa mtu mmoja. Mtoto aliukuta ndani ya kamera, kwa hiyo filamu ilipotoka nyeusi alijua mara moja nani aliyeifungua. Akaitwa mezani, anaulizwa "basi nani?", kiuzi kiko mfukoni mwake, na wewe umekaa mbele yake unamwamuru aseme ukweli. Alikuwa amepoteza picha zake zote kumi na mbili. Angekitoa tu akakiweka mezani, angebaki na kamera yake. Hakukitoa. Kesho yake akaja kukutungia uzi.

Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu, kisha nikatoka ofisini nikasimama nje. Miaka mingi nasoma barua za watu wazima wanaochomana kwa mambo madogo kuliko hilo. Wewe unamstaajabia kwa alichokiona mikononi mwako. Mimi namstaajabia kwa alichokifanya na mikono yake mwenyewe chini ya meza.

Kwa hiyo habari ya kununua filamu kimya kimya ifute kichwani. Ukimwombea msamaha, atakuwa amesamehewa kosa asilolifanya, na hiyo itakuwa adhabu ya pili juu ya ya kwanza, tena umempa wewe. Unaogopa mwanao ataacha kukuona mkweli. Ataumia, ndiyo. Pengine hata atacheka, ukifika kwenye kuupangusa ukanda, mwachie acheke. Lakini akija kulijua hili kwa njia nyingine, ukiwa umemwacha binti yake abebe, hapo sina ushauri wa kukupa.

Usimvute mwanao pembeni. Mtoto ulimsema mezani, na wewe utasema mezani, Kasuku naye awepo. Usianze na vumbi, usianze na umri wako, wala usimtaje mshauri wa gazeti. Sema ulifungua wewe, sema ulipojua ulinyamaza, sema mtoto hana kosa. Kisha mgeukie yeye umwombe msamaha kwa maneno mazima, na neno "lakini" lisikutoke. Habari ya gumba la mama yako mweleze mwenyewe, kwa sababu alipiga picha ile bila kujua amemrudisha nani. Jibu langu libandue pale kwenye friji ulichane. Ufunguo wa kabati mwombe mwanao, na kamera uitoe wewe, umkabidhi mtoto mkononi.

Usingoje Jumapili, usingoje mama yao aje. Mwanao akirudi kazini leo, akiwa bado na viatu mguuni, waite wote watatu, na uanze kusema kabla hawajavuta viti.